Darasa la Makombo

Hotuba hii niliitoa Lubumbashi, Jumamosi moja ya Oktoba, joto limebana na mvua ya kwanza bado. Waliokuwepo ni wanafunzi wa biolojia, wauguzi, na wazazi wachache waliovutwa na bango la mlangoni. Nimeiandika kwa kufuata daftari langu. Waliponikatiza, nimewaacha waseme.

Wamama, wababa, walimu wenzangu, na ninyi wadogo zangu mliokaa sakafuni kwa sababu viti vimeisha: jambo yenu wote.

Dumu hili mbele yangu mnalijua. Ni munkoyo, na msiniangalie hivyo, tutakunywa tukimaliza. Mama anayeniuzia anakaa Kenya (kama kuna mgeni kutoka Nairobi asishtuke, Kenya ni komini yetu hapa hapa mjini), na wiki iliyopita aliniruhusu nikae jikoni kwake nitazame. Alipika uji wa mahindi mzito hata mwiko ukasimama wenyewe katikati ya sufuria. Akaepua. Akachovya kidole, akasonya, akangoja. Akachovya tena. Ulipokuwa vuguvugu ndipo alipotia mizizi aliyoiponda kinuni, akafunika. Hakuongeza maji, hakurudisha motoni. Tulizungumza habari za bei ya unga, na tulipofunua, mwiko ulikuwa umelala ubavuni na uji unatiririka. Nikamuuliza kumetokea nini. Akasema, "Mizizi imeukata."

Sijapata kusikia mtu akieleza kazi ya kimeng'enya vizuri kuliko hivyo. Ndani ya mizizi ile mna vimeng'enya vinavyokata wanga kuwa sukari. Minyororo mirefu inayofanya uji uwe mzito inakatwa vipande, uzito unakwisha, utamu unakuja. Na kile kidole chake kilikuwa kipimajoto: ukitia mizizi uji ukiwa bado unachemka, vimeng'enya vinaharibika na unabaki na uji wako.

Ndani ya kila seli ya mwili wako mna mizizi ya namna hiyo, ila yake inakata protini. Nimekuja kuzungumza habari za mizizi hiyo katika seli za kinga, hasa zikiwa bado changa, zinakomaa. Sisi tunaofundisha somo la kinga tunapenda kusimulia kujenga: mwili umetengeneza kingamwili, mwili umeongeza askari. Nusu ya habari tunaiacha nje. Seli ya T, yule askari tunayemsifu, hajawahi kumwona adui mzima maisha yake yote. Tangu utotoni anaonyeshwa makombo tu, vipande vya protini zilizokwisha kukatwa na seli nyingine. Anasoma kwa makombo, anahitimu kwa makombo, anaua kwa kuona kombo. Basi ukitaka kujua amefundishwa nini, haitoshi kuuliza mwalimu wake ana protini gani. Uliza anazikata kwa kisu gani.

Visu viko vya namna mbili kubwa.

Cha kwanza ni lisosomu, kifuko chenye utando, ndani yake asidi na vimeng'enya kama hamsini vya kukata kila kitu. Aliyekigundua ni Mbelgiji, Christian de Duve, pale Louvain, na hakuwa anakitafuta. Alikuwa anachunguza insulini na ini la panya. Mwaka 1949 yeye na wenzake walisaga ini na kupima kimeng'enya kimoja, wakapata kidogo mno, kama sehemu moja ya kumi ya walichotarajia. Wakaiweka sampuli kwenye friji. Siku tano baadaye wakapima tena, na kimeng'enya kimejaa tele. Kilikuwamo tangu mwanzo, kimefungiwa. Siku zile za friji zilikuwa zimetoboa mifuko. Jina la lisosomu alilitoa mwaka 1955, mwaka ule ule ambao chuo kikuu kilianzishwa hapa kwetu, wakati mji huu bado unaitwa Élisabethville. Mwaka 1974 alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na Albert Claude na George Palade.

Mimi nami nina hadithi ya friji, ila yangu haikunipa tuzo. Nilikuwa mwanafunzi. Nilitoa seli za wengu wa panya, nikazipasua, nikaziweka kwenye barafu ili kesho yake nizipitishe kwenye jeli nione protini zimejipanga mistari mistari. Dawa ya kuzuia vimeng'enya ilikuwa imeisha, nikajisemea baridi itatosha. Usiku, delestaji, umeme ukakatwa. Asubuhi barafu ni maji ya vuguvugu. Kwa ukaidi nikaendelea hivyo hivyo. Badala ya mistari nilipata moshi: doa moja refu la buluu kutoka juu hadi chini, limekolea zaidi kule chini, vinakokimbilia vipande vidogo. Mwalimu wangu aliinua ile jeli kwenye mwanga wa dirisha, akaitazama kwa muda, akasema, "Umepika munkoyo."

Alinichekesha na kuniudhi kwa pamoja, lakini ndipo nilipoelewa. Visu vilikuwamo ndani ya seli zangu siku zote. Zilipokuwa hai zilivifungia. Seli hai ni seli inayojua kufunga kisu chake.

Kisu cha pili hakikai kwenye kifuko. Kimewekwa ndani ya pipa, na pipa hilo linaitwa proteasomu. Ni pete nne zilizopangwa juu kwa juu, kila pete ina vipande saba, makali yote yako ndani, na mdomo wake ni mwembamba hata protini iliyojikunja haipiti. Lazima ikunjuliwe kwanza iingizwe kama uzi. Na haiingii yoyote tu. Inatiwa alama kwanza. Alama yenyewe ni protini ndogo ya amino asidi 76 (amino asidi ndizo shanga zinazotunga kila protini), ubikwitini, ambayo ya kwetu na ya hamira ya mkate zinatofautiana kwa amino asidi tatu tu. Mnyororo wa ubikwitini nne au zaidi ukining'inia kwenye protini, hukumu imetoka. Wanaoitia alama ni vimeng'enya vinavyopokezana kwa ngazi tatu: ngazi ya kwanza binadamu ana viwili, ya pili kama arobaini, ya tatu zaidi ya 600. Hao 600 ndio wanaochagua nani avunjwe. Hesabu hiyo peke yake inawaambia kazi ngumu iko wapi: si katika kukata, ni katika kuchagua. Aaron Ciechanover na Avram Hershko wa Haifa, pamoja na Irwin Rose wa Marekani, walipata Nobel ya kemia mwaka 2004 kwa kuonyesha njia hii.

Sasa twende shuleni.

Mchinjaji akimpasua ndama kifuani, juu ya moyo, anakuta kinyama cheupe, laini, kimegawanyika vipande viwili. Kwa ng'ombe mzee mahali hapo utakuta mafuta. Ndiyo thaimasi, na sisi tunayo; kubwa utotoni, inanyauka tukibalehe. Hadi mwaka 1961 watu wengi wa sayansi waliiona kama kitu kilichosahauliwa na Mungu mwilini. Mwaka huo, London, Jacques Miller aliitoa kwa vipanya vilivyozaliwa karibuni. Vikakua hafifu, magonjwa madogo yakaviua, na vilipopandikizwa ngozi ya panya wa ukoo mwingine vikaipokea kama yao. Herufi T katika seli za T inatoka huko.

Seli changa zinaingia thaimasi zikitoka kwenye uboho wa mifupa. Kila moja inajitungia kipokezi chake, yaani mkono wake wa kupapasia, kwa bahati nasibu, kwa kukata na kuunga vipande vya jeni, kwa hiyo nyingi zinatunga upuuzi. Mtihani wa kwanza uko pembezoni, kwenye gamba la thaimasi. Huko seli walimu zimeweka makombo juu ya masinia. Sinia ni jina langu. Vitabu vinaita molekuli za MHC, na ziko daraja mbili. La kwanza linabeba makombo mafupi ya amino asidi nane hadi kumi, mengi yametoka kwenye proteasomu. La pili linabeba marefu zaidi, yametoka kwenye lisosomu. Seli changa inapapasa. Ikishindwa kabisa kulitambua sinia la nyumbani, haipigwi wala haifukuzwi. Haipewi ishara ya kuishi, na baada ya siku tatu au nne imekufa. Ikipita, inaingia ndani zaidi, kwenye mtihani wa pili, na huko mambo yamegeuka: ikilishika kombo la nyumbani kwa nguvu mno inauawa, maana kesho ingemshambulia mwenye nyumba. Walimu wa huko ndani wana jeni iitwayo AIRE inayowawezesha kutengeneza hata protini za viungo vingine, insulini ya kongosho kwa mfano, ili mwanafunzi asikutane nayo mara ya kwanza barabarani. Kati ya seli mia zilizoingia, zinazotoka hazifiki tano. Mimi nimefundisha miaka mingi na sijapata kuona shule katili hivyo.

Na hapa ndipo kisu kinapoonyesha uzito wake. Mwaka 2007 Shigeo Murata, Keiji Tanaka na wenzao huko Japani waligundua kwamba seli walimu za gamba la thaimasi zina proteasomu ya peke yao. Moja ya makali yake imebadilishwa. Haiko kwenye ini, haiko kwenye ngozi, haiko hata kwenye seli walimu za ndani. Wakafuga panya wasio na makali hayo. Protini zote zilikuwepo, masinia yapo, shule iko wazi. Kilichobadilika ni namna ya kukata tu. Seli za T za aina ya CD8, zile zinazoua seli zilizoingiwa na virusi, zilibaki kama robo.

*(Kijana mmoja wa mwaka wa pili alinyoosha mkono hapa. "Prof, kwa nini wasitumie kisu cha kawaida? Si makombo ya mtaani ndiyo atakayokutana nayo?")*

Swali lako ni zuri kuliko jibu langu, mdogo wangu. Maelezo yanayotajwa sana ni haya. Makali ya kawaida hukata protini hivi kwamba kombo linaishia na ncha inayokaa barabara kwenye sinia. Makali ya thaimasi hayapendi kukata hapo. Makombo yake yana ncha nyingine, na yanaelekea kuguswa kwa wepesi na kipokezi. Mtihani wa kwanza unataka wepesi huo huo. Ukigusa kwa uzito mle ndani unakufa. Na fikiria jambo jingine: kama mwalimu wa mtihani wa kwanza na wa mtihani wa pili wangekata kwa kisu kimoja, makombo yangefanana, na yule aliyefaulu asubuhi kwa kulitambua kombo angeuawa jioni kwa kulitambua hilo hilo. Visu viwili vinampa nafasi ya kupona.

Upande wa sinia la pili kuna kioja kingine. Seli za kawaida zikiwa na njaa hujila zenyewe kidogo kidogo. Zinafunga sehemu ya mwili wao kwenye kifuko na kukipeleka lisosomu. Jina la jambo hilo, otofajia, alilitunga de Duve huyo huyo mwaka 1963, na Yoshinori Ohsumi alipata Nobel mwaka 2016 kwa kufichua jeni zake katika hamira. Mwaka 2004 mwenzao Noboru Mizushima aliwatumia panya ambao vifuko hivyo vinang'aa kijani. Akawanyima chakula, misuli na ini vikang'aa, kama alivyotarajia. Lakini seli walimu za thaimasi zilikuwa zinang'aa hata kwa panya aliyeshiba. Hazina njaa. Zinajila ili zipate cha kuonyesha wanafunzi. Miaka minne baadaye watafiti wengine waliizima otofajia ndani ya thaimasi peke yake, na seli za T zilizohitimu shule hiyo zikaenda kushambulia utumbo wa mwenyewe.

Mama mmoja pale nyuma anatikisa kichwa. Mama, hata mimi nilitikisa.

Si T peke yake inayokomaa. Kuna seli ya dendriti, yenye matawi kama mti, aliyoieleza Ralph Steinman pamoja na Zanvil Cohn huko New York mwaka 1973. Steinman alitangazwa mshindi wa Nobel tarehe 3 Oktoba 2011. Alikuwa amefariki siku tatu kabla, na kamati haikujua. Waliiacha tuzo yake.

Seli ya dendriti changa inakaa kwenye ngozi na utumbo, na kazi yake ni kuonja. Inameza kila kinachopita. Inaweka kombo kwenye sinia la pili, inalipandisha juu, kisha baada ya muda kimeng'enya kimoja, MARCH1, kinalibandika sinia alama ya ubikwitini. Linashushwa, linavunjwa lisosomu, linawekwa jingine. Ni kama mama wa sokoni anayebadilisha mafungu ya mboga mezani kutwa nzima kwa kuwa bado hajampata mteja. Halafu hatari inakuja: bakteria, jeraha, virusi. Seli inapokea ishara, inaanza kukomaa, inafunga safari kwenda kwenye tezi za limfu. Sasa angalieni inafanya nini. Inaacha kutengeneza MARCH1. Masinia yaliyoko juu wakati huo hayashushwi tena. Lile kombo lililokamatwa mahali pa tukio linakaa juu ya seli kwa siku kadhaa, hadi T mwenye kipokezi chake apite na kuliona. Kukomaa kwa seli hii, kwa sehemu kubwa, ni kuacha kutupa.

Tena haitafuni sana. Ndugu yake makrofaji ana visu vingi ndani ya lisosomu. Akimeza bakteria anamtwanga kama sombe, hata huwezi kujua jani lilikuwa la nini. Dendriti anakata kama mtu akatavyo matembele, vipande vinavyotambulika. Anayetwanga sana anasafisha mji, lakini hana cha kumwonyesha mtu.

Nimefika kwenye sehemu inayotuhusu sisi watu wa reli.

Mnajua reli ilifika hapa mwaka 1910 ikitokea kusini, na mwaka 1928 njia ikaungana hadi Port-Francqui, Ilebo ya leo, ambako ulipanda meli kwenda Kinshasa. Shaba ilisafiri, watu wakasafiri. Mwaka 2014 ulichapishwa utafiti uliosoma jeni za virusi vya UKIMWI na kurudi nyuma kuhesabu njia yake: vilianza kuenea Kinshasa karibu mwaka 1920, na mwishoni mwa miaka ya 1930 vilikuwa vimefika Lubumbashi na Mbuji-Mayi. Vilipanda treni kama sisi. Hakuna aliyejua kwa miaka kama hamsini.

Vikishaingia kwenye seli ya T vinafanya nini? Ndani ya seli hiyo mna mlinzi aitwaye APOBEC3G, anayeharibu maandishi ya virusi, herufi baada ya herufi. Virusi havina nguvu ya kumuua. Vina kiprotini kidogo, Vif, kazi yake ni kumshika mlinzi kwa mkono mmoja na kwa mkono wa pili kuwashika watia alama wetu wenyewe. Mlinzi anabandikwa ubikwitini. Pipa letu linamvunja. Kiprotini kingine, Vpu, kinamfanyia hivyo hivyo CD4, ule mlango ambao virusi viliingilia. Cha tatu, Nef, kinaipeleka CD4 iliyoko juu ya seli hadi lisosomu. Visu vyetu vyote viwili vimeajiriwa, na mshahara tunalipa sisi, kwa maana kila alama ya ubikwitini inagharimu nishati ya seli. Ukiniuliza ni uhuni gani katika biolojia unaoniudhi zaidi, ni huo.

Kuhusu dawa nitapita haraka. Seli ya plasma, ile inayomwaga kingamwili maelfu kwa sekunde, ina takataka nyingi mno za protini zilizokunjwa vibaya. Ikigeuka saratani, ukiziba pipa lake inakufa kwa takataka zake. Ndiyo bortezomib, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2003. Na ile thalidomide iliyoondolewa sokoni mwaka 1961 baada ya maelfu ya watoto kuzaliwa na viungo vilivyoharibika, imerudi kutibu saratani hiyo hiyo kwa masharti makali. Mwaka 2010 Wajapani walionyesha inamshika nani: mtia alama aitwaye sereblon. Mwaka 2014 ikajulikana kwamba dawa za ukoo wake humfanya sereblon awabandike alama Ikaros na Aiolos, protini mbili zinazoongoza ukuaji wa seli za kinga. Huo ni ufundi wa Vif, mara hii mikononi mwa daktari.

Nina maneno mengine kwenye daftari lakini naona mikono.

*(Aliyepewa nafasi kwanza alikuwa muuguzi, mwenye kitenge cha buluu, aliyesimama muda wote karibu na mlango. "Docta, mimi niko wodi ya watoto wenye utapiamlo. Mtoto anaingia amevimba miguu, nywele zimepauka. Tunamlisha, uvimbe unashuka, uzito unarudi, tunamruhusu. Wiki tatu anarudi na nimonia. Mama yake anasema sisi hatukumtibu.")*

Mama, thaimasi ya mtoto yule ndiyo kiungo cha kwanza kulipa deni la njaa. Njaa na maradhi vinapandisha homoni ya msongo, kotisoli, na seli changa za gamba la thaimasi haziivumilii. Zinajiua kwa wingi. Vimeng'enya vya ndani vinakatakata protini zao kwa utaratibu, makrofaji wanameza kilichobaki, na amino asidi zinarudi kwenye mzunguko. Mwili unakula shule yake ili moyo uendelee kupiga. Wanaopasua maiti za watoto waliokufa kwa njaa walijua jambo hili zamani: mahali pa thaimasi wanakuta uzi.

Miaka ya 1990, huko Cochabamba, Bolivia, watafiti waliipima thaimasi ya watoto wa namna hiyo kwa ekografi, kama mnavyopima mimba, kupitia kifuani. Watoto wakalishwa vizuri. Uzito ulirudi kwa kama mwezi mmoja. Thaimasi ilitaka kama miwili. Kwa hiyo mtoto unayemruhusu ana mashavu, ana kilo, anacheka, na shule yake ya askari bado ina darasa moja lililo wazi. Hukukosea kumtibu.

*("Sasa nimbakize miezi miwili? Kitanda kina mtoto mwingine anangoja mlangoni.")*

Kitanda sina, mama. Lakini kurudi kwa chakula na dawa hakuhitaji kitanda. Mpe mama yake tarehe za kuja kila wiki mbili, na umwambie waziwazi kwamba mtoto atapendeza kabla hajapona. Aendelee na chakula cha tiba hata akiona amenenepa. Kadi ya chanjo muiangalie kabla hajatoka, surua hasa, kwa kuwa surua inaingia kwenye seli za kinga zenyewe na kufuta kumbukumbu ya maradhi ambayo kinga yake imekwisha kuyajua. Na akikohoa, aje siku hiyo hiyo, asingoje tarehe.

Daftari la yule muuguzi lilikuwa limeazimwa na mwenzake. Aliomba biki kwa kijana wa mwaka wa pili, akaandika "miezi 2" kwenye kiganja chake, akapuliza wino ukauke. Kule mbele kuna mtu alikuwa ameshafungua dumu.